Waliyaziba Matundu ya Ukuta

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mwiko wala nyundo. Nilipewa ndoo ya maji. Nilikuwa kijana, nimetoka Ukerewe, darasa la tano nimeliacha njiani, na mjomba wangu aliyekuwa akiuza samaki Mkuyuni akanipeleka kwa Mzee Salumu, fundi wa kukarabati nyumba za zamani. Mzee Salumu alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya kiua, na suruali yake ilijaa saruji hata rangi yake ya mwanzo hakuna aliyeikumbuka.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Unaogopa kupanda juu?"

"Siogopi."

"Basi hunifai sana. Ninayemtaka ni yule anayeogopa kidogo."

Nyumba ya siku hiyo ilikuwa ya mwalimu mstaafu, na paa lilikuwa linavuja. Kwenye silingi bodi ya sebuleni palikuwa na doa la kahawia lenye ukubwa wa sinia. Nikalinyooshea kidole, nikasema tundu liko hapo juu yake. Mzee Salumu akacheka mpaka mwalimu akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

"Maji yanadondokea hapa, hayakuingilia hapa," akaniambia. "Yanaingia huko juu, yanatambaa kwenye papi, zile mbao zinazoshika bati, mpaka yakutane na kifundo au msumari. Hapo ndipo yanachoka na kushuka."

Akanipandisha na ndoo na kopo. Kazi yangu ilikuwa kumwaga maji juu ya bati kidogo kidogo, nianzie chini kwenye gata nikipanda juu, maana ukianzia juu unalowesha paa zima na hutajua lipi ni lipi. Yeye akajipenyeza ndani ya dari na tochi. Nilipofika karibu na kofia ya nyumba, pale mabati ya pande mbili yanapokutana juu, nikasikia anagonga bati kutoka chini. Palikuwa na msumari uliopigwa bondeni mwa bati badala ya mgongoni. Maji hupita bondeni, kwa hiyo msumari wa pale ni sawa na kuyafungulia mlango.

"Nani alipiga huu msumari?" nikauliza.

"Mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula," akajibu.

Ninyi vijana mnaofanya kazi hii leo, mnayo simu inayopiga picha ndani ya dari bila kuingia. Sina ugomvi nayo. Lakini mwendo ni uleule: mahali nyumba inapoonyesha tatizo na mahali tatizo linapoanzia ni sehemu mbili, na malipo ya fundi ni kwa ajili ya kutembea kutoka moja kwenda nyingine.

Nilikaa kwa Mzee Salumu mpaka macho yake yalipoanza kumsumbua. Alinifundisha kugonga lipu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Lipu nzima hutoa sauti fupi, iliyoachana na ukuta inalia kama debe tupu. Alinifundisha kwamba ukuta wa tofali za udongo ukiuvika lipu nzito ya saruji unaufungia maji ndani, na lipu itamenyeka tu, iwe umeipiga kwa ufundi wote wa dunia. Yeye alitumia chokaa. Nyumba nyingi za milimani kwetu kuta zake humenyeka kwa chini, na wenye nyumba huita fundi wa lipu. Mzee Salumu hakuwa akifungua hata mfuko wa zana. Alizunguka nje kwanza. Mvua za Mwanza hushusha mchanga kutoka kwenye mawe kila mwaka, mama mwenye nyumba anaufagia na kuusukumia ukutani ili uwanja uwe safi, na baada ya miaka udongo wa nje unakuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Ukuta unakunywa maji kutwa. Dawa ya kwanza pale ni jembe: toa udongo, acha ukuta ukauke kiangazi kizima, ndipo useme habari ya lipu.

Jambo kubwa alilonipa ni kuweka shahidi. Ukikuta ufa usiuzibe siku hiyo. Chukua kipande chembamba cha kioo, kikalishe juu ya ufa kama daraja, ukishike na saruji upande huu na upande huu. Ondoka. Ukirudi ukakuta kioo kizima, ufa umelala, unaweza kuuziba. Ukikuta kimevunjika, ufa uko hai, nyumba inatembea, na lazima utafute kinachoisukuma.

"Ufa ulio hai ukiuziba," alikuwa akisema, "umemfunga mgonjwa mdomo, basi."

Baada ya hapo niliingia kwenye timu ya matengenezo ya nyumba za watumishi wa shirika moja, nyumba za zamani zilizokuwa karibu na ziwa. Mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Matengenezo, Bwana Masalu, Msukuma wa Magu, mnene, aliyependa kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kutoa amri kutoka hapo. Kwake nilijifunza mabomba. Siku moja mke wa mtumishi alilalamika kwamba koki ya jikoni inatoa maji kama machozi. Fundi mwenzetu alikuwa ameshaibadilisha koki ile mara mbili, na siku hiyo alikuja na ya tatu.

"Koki ina kosa gani?" Bwana Masalu akamwuliza. "Koki ni mlango. Kama watu hawatoki, kawatafute chumbani."

Tukakata bomba la chuma lililokuwa ukutani tangu nyumba ijengwe. Kwa nje lilikuwa bomba nene. Kwa ndani kutu ilikuwa imelijaza, njia iliyobaki kalamu ya risasi ingepita kwa shida. Koki inayodondosha ni jambo jingine, hiyo mara nyingi ni washa ndani imechakaa, kampira kadogo tu. Koki isiyotoa, tazama nyuma yake.

Mlango unaogoma kufunga wakati wa masika alitukataza kuupiga randa. "Mbao imenywa maji imevimba. Ukiichonga leo, Juni utakuja kuona kuku anapita." Kwanza angalia bawaba, kaza skrubu, angalia kama fremu imeinama. Fremu ikiinama, mlango hauna kosa, kashuke ukaangalie msingi. Na kuhusu umeme alikuwa na neno moja tu. Swichi ikiwa ya moto mkononi au soketi ikinuka, zima kwenye meni swichi, mwite mwenye kazi yake. "Mimi si fundi umeme, na wewe si fundi umeme. Tusimtafutie biashara mchonga majeneza."

Bwana Masalu alistaafu, zile nyumba zikauzwa, sisi tukatawanyika. Ndipo nilipoangukia kwa Petro. Nasema kuangukia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Petro alijiita Fundi Mkuu. Alikuwa na pikapu, viatu safi, na simu mbili. Alikuwa na kazi za nyumba mpya Buswelu na Mkolani, na za zamani za mlimani Mkuyuni akanipa mimi, kwa kuwa hakupenda kupanda. Sitasema hakujua kazi. Petro alijua kazi vizuri kabisa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa mtu asiyejua unaweza kumsamehe. Yeye alikuwa fundi wa macho. Alikuwa akiniambia, "Magesa, mteja hanunui kilichomo ndani ya ukuta. Ananunua anachokiona. Piga rangi, mpe mkono, ondoka akiwa anatabasamu."

Sasa nifike kwenye nyumba ya Bibi Nyamizi, ambayo ndiyo iliyonistaafisha kabla ya wakati.

Mnaoijua milima ya Mkuyuni mnajua nyumba zinavyokaa. Unakata mlima upate uwanja, halafu nyuma unajenga ukuta wa mawe wa kuuzuia mlima usikurudie. Ukuta wa namna hiyo una matundu chini, safu nzima, yanayopita mpaka upande wa pili kwenye changarawe. Hayo ni ya kutolea maji. Mvua inanyesha, mlima unajaa, maji yanatafuta pa kutokea, yanatokea pale. Yakikosa njia yanasimama nyuma ya ukuta na kusukuma, na hakuna fundi wa mawe anayeweza kujenga ukuta wa kuyashinda maji ya mlima mzima.

Marehemu mume wa Bibi Nyamizi aliujenga wa kwake vizuri. Baadaye walipozidi watoto, wakaongeza chumba uani, na ili kuokoa tofali wakakiegemeza kwenye ukuta ule wa mawe, ukawa ndio ukuta wa nyuma wa chumba. Watu wengi mlimani wamefanya hivyo. Chumba hicho ndicho alicholala Bibi. Sehemu ya ukuta iliyokuwa ndani ya chumba haikuwa na matundu, ikategemea yale ya uani.

Edsoni, mtoto wake wa mwisho, ndiye aliyetuita. Alikuwa anaoa. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Bukoba kuiona familia, na alitaka chumba cha mama yake kizibwe ufa na kupigwa rangi, kwa sababu wakwe wa kike wangepita mle kuweka mizigo. Ufa wenyewe ulikuwa kwenye kona, pale tofali zilipokutana na mawe, umesimama wima kutoka chini mpaka kwenye bati. Mkono wangu uliingia mpaka kwenye vifundo.

Nikaweka shahidi. Siku ya tatu nikarudi, nikamkuta Bibi amekaa kwenye kigoda mlangoni anachambua mchele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Kile kioo chako kimevunjika. Sikukigusa mimi, usije ukasema ni mimi."

"Kilivunjika lini?"

"Nililala kizima, nimeamka nimekikuta vipande viwili. Nyumba yenu ina wachawi?"

"Nyumba yako, Bibi."

"Ikiwa na wachawi ni yenu," akasema, akacheka.

Mimi sikucheka. Nikatoka uani kuangalia. Ukuta wa mawe ulikuwa umepigwa lipu juu mpaka chini na kupakwa rangi ya maziwa, mzuri kama ukuta wa hoteli. Nikautazama kwa ubavu, nikaweka timazi, ule uzi wenye kipande cha chuma unaoonyesha wima. Katikati ukuta ulikuwa umetunisha tumbo. Nikapapasa chini nikitafuta matundu. Hayakuwapo.

"Bibi, matundu ya ukuta yalikwenda wapi?"

"Edsoni aliyaziba. Kulikuwa na kenge, baba. Anatokea mle anakula mayai ya kuku wangu. Halafu yanatiririsha maji, uani panateleza, na kijana anataka kuweka viti vya wageni."

"Aliyaziba na nini?"

"Zege. Bosi wako alileta mtu."

Kumbe. Petro alishafika pale kabla yangu. Yeye ndiye aliyeziba, yeye ndiye aliyepiga lipu na rangi, ufa ulipotokea akanituma mimi nikaufunike. Nikampigia simu pale pale, Bibi akiwa amesimama ubavuni mwangu na ungo wake.

"Fundi Mkuu, huu ukuta umebeba maji. Tuzibue matundu leo."

"Wewe nimekutuma ufa."

"Ufa hauna shida. Shida ni ukuta. Kioo kimevunjika."

"Magesa, wageni wanakuja Jumamosi. Weka lipu, piga rangi, teremka."

"Na Bibi anayelala humu?"

"Amelala humo tangu wewe hujazaliwa," akasema, akakata.

Nilimgeukia Bibi, nikamweleza kila kitu polepole, kama ninavyowaeleza ninyi. Nikamwambia asilale kile chumba mpaka maji yatoke. Aliitikia, "Haya, baba," akaniletea chai. Nikachukua tindo na nyundo nikaanza kuzibua tundu la kwanza. Zege lilipoachia, maji yalitoka na tope jekundu yakanipiga kifuani, nikaanguka matako. Bibi akashika kichwa. Nikazibua la pili, nalo likatoka vile vile. Nilikuwa kwenye la tatu Edsoni alipoingia kutoka mjini.

"Unafanya nini wewe? Nimeita fundi au nimeita mbomoaji?"

"Angalia maji yanayotoka, kaka. Angalia mwenyewe."

"Naona tope kwenye rangi yangu! Mama, umemruhusu?"

Bibi akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa ameshika kikombe changu.

Edsoni akampigia Petro, akanipa simu. Petro akaniambia niteremke mara moja, na kwamba kazi yangu kwake imeishia hapo. Niliwaambia wote wawili, kwa sauti, kwamba mvua ikinyesha kabla matundu hayajazibuliwa yote, chumba kitaondoka. Nilikusanya zana nikashuka. Baadaye nilisikia kwamba jioni ile ile mtu wa Petro alirudi akayaziba yale mawili kwa saruji na kupaka rangi mpya.

Jumamosi nilipanda tena. Bibi mwenyewe alinitumia ujumbe kwa mjukuu wake, "Njoo ule, nimepika." Ningeweza kukataa, nimefukuzwa pale. Lakini tangu asubuhi wingu lilikuwa limesimama juu ya ziwa, jeusi, na nilikuwa simfikirii mtu mwingine yeyote isipokuwa bibi yule na kitanda chake.

Nilipofika mvua ilishaanza. Wageni walikuwa wamekimbia uani wakaingia sebuleni, viti vimeachwa chini ya turubai, watu wanacheka, wakwe wanaimba. Nikapitia nyuma. Rangi ya ukuta ilikuwa imevimba. Si maneno ya kupamba: ilikuwa imejaa maji ikaninginia kama kiwele cha ng'ombe. Nikauliza Bibi yuko wapi. Binti mmoja akasema, "Ameingia kubadili kitenge."

Nikaingia bila kubisha hodi. Alikuwa anafunga kilemba mbele ya kioo. Akashtuka, "Magesa, una adabu wewe?" Nikamkamata mkono nikamvuta, akanipiga kofi, nikamsukuma nje ya mlango akaangukia kwenye tope uani. Mimi sikumaliza kutoka. Nilisikia mlio kama lori linamwaga kokoto, kisha sikusikia kitu.

Mguu wangu wa kulia ulikatwa chini ya goti. Kuhusu hospitali sina la kusema, walinifanyia walichoweza.

Hayo bado ni nusu. Mguu ni mguu. Niliwaza, nitapata wa bandia, nitafanya kazi za chini, mabomba, milango, kuta za kugonga kwa kidole. Fundi wa nyumba za zamani anafanya kazi kwa masikio na macho kuliko kwa miguu. Kilichoniua ni kikao.

Kilifanyika kwa mwenyekiti wa mtaa, mimi nikiwa nimeketi kwenye benchi na magongo. Ukuta ulipoanguka ulishuka pia na jiko la jirani wa juu, na jirani alitaka kujua nani wa kulaumiwa. Petro akasimama, viatu vyake safi, akasema, "Mimi nilimkataza kwa simu asiuguse ule ukuta." Kweli, alinikataza. Edsoni akasimama, akasema, "Nilimkuta anautoboa na tindo, siku chache kabla haujaanguka." Kweli, alinikuta. Hakuna aliyesema uongo hata mmoja. Walichukua kweli mbili wakazipanga kama mawe, zikajenga uongo.

Nikasema yangu. Nikaeleza maji, changarawe, kioo. Watu wakanitazama kama mtu anayeongea kilugha chake. Mwenyekiti akasema, "Sasa bwana, ukuta ulisimama miaka yote hiyo. Umeutoboa, umeanguka. Kuna mtu alikusikia ukiwaonya?"

Nikasema, "Yupo. Bibi Nyamizi alikuwa amesimama pale pale."

Kila mtu akageuka. Bibi alikuwa amekaa mkekani na wanawake wengine. Edsoni alikuwa amesimama nyuma yake, mkono wake uko begani mwa mama yake. Bibi akaangalia vidole vyake.

"Mimi ni mzee," akasema. "Wanaume waliongea mambo ya ufundi. Mimi sikuelewa. Sikumbuki."

Basi. Kikao kikaisha. Tangu siku ile nikipita sokoni Mkuyuni nasikia, "Ndiye huyu aliyeangusha ukuta wa watu." Wenye nyumba niliokuwa nawatengenezea kwa miaka wakaacha kunipigia. Mama mmoja, paa lake lilikuwa limenishinda mara ya kwanza nikalipata mara ya pili, aliniambia kwa upole kabisa, "Magesa, mume wangu anaogopa." Petro aliendelea. Bado anapaka rangi hadi leo, Buswelu, Mkolani, mwulizeni. Edsoni alioa. Nimewataja kwa majina, na wakisoma wajue nimewataja.

Mwaka huu kijana mmoja jirani, dereva wa bodaboda, alinipandisha mlimani. Nilimwambia ninataka kumwona Bibi. Alikuwa mgonjwa, nilisikia, na mimi nilikuwa na swali moja nililokuwa nimelibeba muda mrefu mpaka likanichubua.

Nilimkuta uani, juani, amefunikwa shuka. Chumba chake hakikujengwa tena, siku hizi analala sebuleni na wajukuu. Kulikuwa na ukuta mpya wa mawe. Ukuta mzuri, umeegemea mlima inavyotakiwa, haukupigwa lipu. Na chini yake, safu mbili, matundu. Kila moja limetiwa bomba la plastiki, na mdomoni limewekwa wavu wa chuma ili kenge asipite. Nilisimama kwa mguu wa bandia na fimbo yangu nikiyahesabu bila kutaka. Walijua. Walijua wote, wakaujenga kama nilivyosema, na hakuna aliyepanda bodaboda kushuka kuniambia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Karibu, baba. Wabeja, asante, umekuja." Akanitazama mguu. "Unakuuma?"

"Wakati wa mvua."

Tukakaa. Wajukuu walikuwa wanacheza karibu na ukuta. Akaagiza niletewe chai, ikaletwa. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, makali, na sasa yalikuwa yamegeuka kuwa machache.

"Bibi, siku ile ya kikao. Ulikumbuka?"

Hakujifanya hajui ninachosema. Akavuta shuka mpaka shingoni.

"Nilikumbuka."

"Ungesema neno moja tu. Ningekuwa na kazi mpaka leo."

"Ningelisema neno hilo," akasema, "jioni yake ningelala kwa nani?"

Niliangalia ua ule. Mle ndani mke wa Edsoni alikuwa anaosha vyombo, anaimba wimbo wa kwao, hajui lolote. Mtoto mmoja alikuja akajilaza mapajani mwa Bibi, naye akaanza kumpapasa kichwa bila kumtazama, mkono unajua njia wenyewe. Bibi huyu hana shamba, hana nyumba nyingine, hana mtoto mwingine aliye hai. Nilimtoa chini ya ukuta mmoja, na yeye alikuwa anauogopa mwingine ambao mimi sikuwa nimeuona.

Mimi ni fundi. Nimetafuta chanzo cha matatizo katika nyumba za watu maisha yangu yote, na nikikipata nilikuwa na la kufanya: jembe, tindo, washa mpya. Pale nilikipata chanzo, na sikuwa na la kufanya. Kumchukia sikuweza. Kusema yameisha pia sikuweza, maana hayajaisha, na kila anayenipita sokoni ananikumbusha.

"Chai inapoa," akasema.

Nikainywa yote. Ilikuwa na sukari nyingi, walivyojua wao kuniheshimu. Kisha nikaaga, nikateremka taratibu kwenye mawe yale, nikiwa nimeushika mkono wa kijana wa bodaboda, na wanawake wa jirani wakaacha kuongea mpaka nilipopita.